Nyeupe ya Tantine Hansa

Walipomaliza kumwosha Tantine Hansa, wanawake wote mle chumbani waligeuka kunitazama mimi, kwa sababu nguo ni kazi yangu. Mado, binti wa jirani aliyemtunza miaka yake ya mwisho, alikuwa ameshafungua sanduku la bati. Juu kabisa, kabla ya mashuka na rozari, kulikuwa na sari nyeupe iliyopigwa pasi na kukunjwa vizuri, na katikati ya mikunjo kipande cha sabuni ya kunukia. Mado aliinyanyua kwa mikono miwili. "Hii njo alikuwa anaiweka," alisema. "Hakuwa anaivala. Alikuwa anaitosha kwenye jua, kisha anairudisha." Niliitambua kabla hajaikunjua, maana niliishona mimi mwenyewe, nikiwa msichana mwenye kiburi na mashini ya kuazima. Nikamwambia airudishe. Nikafungua mfuko niliokuja nao, nikatoa nguo ya kijani yenye maua ya rangi ya chungwa, niliyokuwa nimeishona tangu habari ya msiba iliponifikia. Mado aliiangalia, akaniangalia mimi. "Tantine alisema avae hii?" Nikamjibu kwa sauti ile ninayowajibia wateja wanaobishana na fundi: "Miye najua." Basi tukamvalisha ya kijani. Nilimkunjia marinda mimi mwenyewe, nikamtupia pindo begani, na kwa mara ya kwanza tangu ujana wangu nikahisi kifua changu kimepata nafasi.

Mambo ya ukoo sitayaeleza sana. Itoshe kujua kwamba babu yangu alikuwa Muhindi wa duka hapa Kalemie, kwamba siku moja aliondoka, na kwamba alituachia pua na jina. Baba yangu hakutaka hata kusikia habari zake. Tantine Hansa, dada mkubwa wa baba yangu, ndiye aliyebaki na kila kitu, kwa sababu utotoni aliishi katika vyumba vya nyuma ya duka na kulelewa na mke wa Kihindi wa babu. Mwaka ninaoukumbuka hapa ni ule alipofiwa na mume wake, Papa Zakaria wa reli, nami nikatumwa kwake, mtaa wa Kataki, nikae naye asilale peke yake. Nilikuwa nimeacha shule. Nilijua kushona, na nilijiona najua kuliko wote.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, sakafu ya saruji nyekundu iliyong'aa kwa kusuguliwa, na dirisha la jikoni lililotazama baraza. Mjane hakutakiwa kwenda sokoni wala kusalimiana kwa mkono, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa miguu yake, naye alikuwa mikono ya jikoni. Hadi leo sijakula chakula kama kile. Alikuwa akikaanga binzari nyembamba ndani ya mafuta ya mawese, kisha anamwagia dengu, na tunakula na bukari, ugali wetu. Au mikebuka, samaki wa ziwani, ya kukausha na achari ya embe mbichi iliyokuwa ikichacha katika chupa juu ya kabati. Chapati alizisukuma kwa chupa ya bia. Alikuwa amevaa nyeusi toka kichwani hadi miguuni, nguo ileile asubuhi hadi jioni, kama wakwe walivyotaka, lakini mikono yake ilikuwa na unga mweupe hadi kwenye viwiko, akiongea na kunichokoza. "Weye unataka kuwa fundi, na chapati yako iko na pembe nne," aliniambia. Nguo zake zote za zamani, za rangi, mawifi walishazigawana siku ile ya maziko. Ndiyo desturi yao. Hakulalamika. Alisema tu kwamba Mama Veronika, wifi yake mkubwa, alichukua ile ya zambarau na haitamtosha matakoni.

Alinifundisha kufunga sari kwa shuka la kitanda. Mchana, baada ya kuosha vyombo, tulifunga mlango na kuweka shuka sakafuni, naye ananionyesha: unazungusha mara moja, unakunja marinda kwa vidole, unayachomeka kiunoni, unapitisha mgongoni, pindo linakwenda begani. "Usikaze sana. Nguo inapumua," alisema. Mimi kichwani nilikuwa nimeshaanza kuikata. Niliona libaya letu, ile blauzi ya kikwembe, kitenge chetu, yenye mikono iliyofura, ikikaa juu ya marinda yale. Niliona pindo la kikwembe likianguka begani badala ya kitambaa cha pili ambacho mama zetu wanajifunga kiunoni. Nikajishonea moja kwa mabaki ya vitambaa, nikaivaa kwenda misa. Wasichana wa korasi walinizunguka mlangoni mwa kanisa hadi padri akatufukuza. Tantine aliposikia alicheka mpaka akakumbuka kwamba yuko katika kilio, akajifunika mdomo. Mikunjo yote alinifundisha, sikufichwa kitu. Rangi hakunifundisha. Shuka lilikuwa na maua, nadhani ndiyo sababu. Hakuna aliyewaza habari ya rangi.

Kila Jumapili alikuja Papa Anselme. Alikuwa fundi wa injini katika boti iliyokwenda Kigoma na kurudi, rafiki wa marehemu, mtu aliyefiwa na mke kitambo, mpole, mwenye kucha ambazo oili haikutaka kutoka. Hakuingia ndani hata siku moja. Alikaa barazani, Tantine alikaa jikoni nyuma ya dirisha, na maongezi yao yakapitia pale juu ya kichwa changu, mimi nikichambua mchele na kujifanya sisikii. Waliongea habari za injini, za upepo wa ziwani, za bei ya sabuni ng'ambo. Halafu siku moja, kilio kikiwa kimebakiza kidogo, nilimsikia akisema, "Hansa, siku wakikutosha hii nyeusi mwilini, utavaa rangi gani?" Maji yakachemka. Tantine akajibu, "Rangi ya kutazamwa." Papa Anselme akasema, "Basi nitatuma watu wangu waje waongee na kaka yako." Na Tantine, mwanamke mtu mzima, alimwaga chumvi mara mbili katika dengu. Tulikula hivyohivyo.

Kwa hiyo msije mkadhani sikujua kinachongojewa. Nilijua kuliko wote. Ndiyo maana Mama Veronika alipokuja toka Moba kupanga sherehe ya kumaliza kilio, akaniita kando na kuniambia nishone nguo za familia nzima, nilikubali hajamaliza kusema. "Tuvae nyeupe," alisema. "Nyeusi imekwisha, nyeupe njo mwisho wa kilio. Na ya mujane uipambe kupita zote. Asiione mbele ya siku." Hayo ni ya kwetu sote upande huu, ukiona familia imevaa nyeupe inacheza barabarani, unajua wamemaliza. Nikachagua. Kwa wifi na binamu nilishona libaya na marinda. Kwa Tantine nikasema nitamtengenezea sari kamili, ya urefu wake wote, kitambaa chepesi kilichotoka Kigoma, cheupe kitupu, pembeni nikishona utepe mwembamba wa bluu. Sikuweka ua, sikuweka dhahabu. Nilijiambia uzuri wake utakuwa katika utulivu. Niliona maneno hayo mahali fulani katika gazeti la mitindo, na nilikuwa na umri wa kuamini magazeti.

Asubuhi ya sherehe walimwosha nyuma ya nyumba, wakachoma nyeusi yake. Kwa wakwe zetu kuna sharti: mjane hasemi neno toka anapooshwa mpaka nguo mpya imekaa mwilini, na yule anayemvalisha ndiye mwenye haki ya kumvua, yaani kumtoa katika rangi hiyo na kumvalisha nyingine; kuifua na kuivaa tena si kuvuliwa. Ukivalishwa na mtu, basi mtu huyo ndiye utamrudia ukitaka kubadilisha. Nilipewa mimi heshima hiyo kwa sababu nilikaa naye mwaka mzima. Niliingia chumbani na ile sari mikononi, nikaikunjua mbele yake kwa madaha, kama nilivyoona wauza vitambaa wakifanya. Tantine aliangalia. Uso wake ulikuwa umelowa maji bado. Akaugusa ule utepe wa bluu kwa kidole kimoja, akaufuata mpaka mwisho wa kitambaa, kisha akanitazama machoni muda mrefu. Nilidhani ameguswa na uzuri. Hakuweza kusema. Aliinua mikono yake, nikamvalisha. Nje walipiga vigelegele hadi majirani wa upande wa pili wa reli wakaja. Alikuwa mzuri, hilo halina ubishi. Hakuna bibi harusi katika mji huu aliyewahi kusimama vile. Mpiga picha akampiga picha, na Papa Anselme, amevaa suruali iliyopigwa pasi kwa bidii, alisimama kwenye kona akitabasamu kama mtu aliyekwisha kujibiwa. Kwenye meza Tantine alikula bukari na maboga. Sahani ya nyama yenye vitunguu aliisukuma kwangu.

Baada ya siku chache wageni walirudi kwao, naye akawa bado amevaa ileile, akiifua jioni na kuivaa asubuhi. Nilikuwa nikimsaidia kuanika achari nikamuuliza kama haichoki. Hapo ndipo aliniambia, bila hasira, akipanga vipande vya embe kwenye ungo. "Nyuma ya duka tulikuwa na Kaki. Muke wa mudogo wa baba. Bwana yake alikufa, yeye bado kijana. Wakavunja bangili zake kwenye jiwe la kusagia, wakamuvalisha nyeupe. Hakuna ua, hakuna dhahabu, utepe tu wa bluu. Basi. Mpaka anakufa hakuvaa rangi ingine. Alikuwa anakula peke yake, bila kitunguu. Sisi watoto tulikuwa tunamuchekelea, tunamuita muzimu." Akageuza embe. "Nilipoona ile nguo nikasema, Kaki amekuja kunichukua." Nilikaa chini. Nilimwambia sikujua, akasema anajua kama sikujua. Kwetu nyeupe ni kutoka katika kilio na kwa Wahindi nyeupe ni kuingia, na mimi nilikuwa na damu ya huku na ya kule bila akili ya hata upande mmoja. Tantine alisema hivyo, akacheka kidogo. Nikamwambia aivue basi saa hiyohiyo. Akatikisa kichwa. "Aliyenivalisha njo atanivua. Unishonee ingine, ya rangi, uje univalishe weye mwenyewe. Tutakuwa tumemaliza."

Hayo tu ndiyo aliyotaka. Watu wakisikia kisa hiki hunifariji kwa lile kosa la kwanza, wananiambia ningejuaje, na kweli, la kwanza nimeshajisamehe. Linaloniuma ni linalofuata. Jumapili ile Papa Anselme alishuka botini na kikwembe cha kijani chenye maua ya chungwa, hakumpa Tantine, alinipa mimi. "Mushonaji," aliniita hivyo, kwa heshima, mimi mtoto mdogo, "umushonee vile unajua. Siku akiivaa, watu wangu watakuja." Nikakipokea kwa mikono miwili. Lakini ile picha ya mpiga picha ilikuwa imetundikwa dukani mwake, na mji mzima ulikuwa umepita pale. Walikuja wanawake wa waajiriwa wa bandari, walikuja wa ofisi, alikuja bibi harusi na mama yake. Wote walitaka nyeupe. "Nishonee kama ya Hansa," wakasema, na baada ya muda wakasema tu "nishonee Hansa," na hadi leo ndiyo jina la modeli ile, toka hapa hadi Uvira. Nilihamia kwenye baraza la duka moja karibu na bandari, nikapata mashini yangu mwenyewe. Kikwembe cha kijani kilikaa chini ya mashini, kisha kwenye rafu, kisha nyuma ya rafu.

Tantine aliniuliza mara moja tu. Nilikuwa nimepita nyumbani haraka kuchukua mkasi, naye alikuwa barazani na sahani ya chapati imefunikwa, ameningoja nile. "Ile ya kijani?" alisema, kama mtu anayeuliza habari za mvua. "Wiki ijayo, Tantine." Nilikula nimesimama. Wiki ijayo nilikuwa na harusi mbili. Papa Anselme alikuja Jumapili, akakaa barazani, akamkuta amevaa nyeupe. Akaja nyingine, akamkuta amevaa nyeupe. Hakuniuliza kitu, kumbe kwa mila zake alidhani kubaki na nyeupe ndilo jibu, kwamba amekataa. Mwanamume mpole ana ubaya wake: hagongi mlango mara ya pili. Mvua zilipoanza, boti ilipata wamiliki wengine na kituo chake kikawa Kigoma, naye akabaki hukohuko. Baadaye tulisikia ameoa. Siku niliyosikia nilikimbia Kataki na kikwembe chini ya kwapa, sijakikata hata. Tantine alikuwa akisukuma chapati. Alikitazama, akasema, "Kizuri. Uweke, usikiharibu," akaendelea kusukuma. Miezi michache baadaye nilimwona na nyeupe mpya, si mshono wangu. Alikuwa ameipeleka kwa fundi mwingine, wa mtaa wa Kitali.

Niliichukulia ile nguo ya Kitali kama kofi. Labda ilikuwa kofi, labda hakuwa na nauli ya kuja mjini, labda alitaka tu nguo, sikuuliza. Nilimtembelea miaka yote iliyofuata, tukaongea kila kitu isipokuwa nguo. Wateja wangu wakaongezeka. Nikajifunza kupaka dhahabu kwenye pindo, kuvalisha wasichana sari juu ya suruali ya jinzi na raba miguuni, kuchanganya hariri ya kwao na kikwembe cha nta cha kwetu. Nikafundisha vijana, nikapigwa picha mimi pia. Kila aliponipongeza mtu, nilisema nimejifunza kwa shangazi yangu, na nilisema haraka ili tupite. Yeye alizeeka ndani ya nyeupe zake. Watoto wa Kataki walimwita Mama Mweupe, naye aliitika, akawapa vipande vya chapati kupitia lile dirisha. Vitunguu hakula tena. Nilikuwa nikimwangalia na kuona mfungwa, na funguo ziko mfukoni mwangu, nami naona haya kuzitoa kwa sababu zimechelewa.

Ndiyo maana nilimvalisha ya kijani. Mmeelewa sasa. Kikwembe kilikuwa kimekaa kwangu miaka yote, hakikupauka hata kidogo, na nilipokikata machozi yaliangukia kwenye chaki. Nilijiambia: aliyemvalisha ndiye atamvua, na leo namvua, leo tumemaliza. Nilijivunia, niseme ukweli. Wakati wa kumuaga, watu wakapita mmoja mmoja mbele ya jeneza, na mimi nilisimama kichwani nikinyoosha pindo lisijikunje. Karibu na mwisho aliingia mzee mwenye fimbo, ameshikwa mkono na mjukuu. Kucha zake zilikuwa safi sasa. Nilimjua kwa namna alivyosita mlangoni, kama vile bado haruhusiwi kuingia. Papa Anselme alikuwa amevuka ziwa aliposikia.

Alimtazama Tantine muda mrefu. "Nani alimuvalisha hii?" aliuliza taratibu.

"Miye, Papa. Ni ile yako. Ile ulileta ya kijani."

Aliinama akaishika kwa vidole. Nilingoja. Nilikuwa nimeingoja dakika hiyo zaidi ya nusu ya maisha yangu. "Miye nilileta?" akasema. Akafikiri, akatikisa kichwa, si kwa kukataa, kwa uzee tu. "Inawezekana. Zamani nilikuwa naleta vitu vingi." Kisha akanigeukia, na sauti yake haikuwa na lawama yoyote, nashukuru na sishukuru. "Lakini nyeupe yake iko wapi? Mwaka jana nilipita hapa kumusalimia. Tuliongea sana, tulicheka. Akanitoshea sandukuni ile ya kwanza niione, ile ulimushonea. Akasema, mutoto aliona haya, njo maana nikaenda kwa fundi mwingine anishonee zile za kila siku, ile nzuri nisiichakaze. Akasema hiyo njo ataenda nayo kaburini." Alisema akiamini kwamba najua. Kwa nini asiamini? Ni mimi niliyekuwa mtoto wake.

Mado alikuwa ameinamisha kichwa. Fundi wa mbao alikuwa amesimama na kifuniko, padri akitazama saa, na wanawake wote wakawa wakinitazama tena, kama asubuhi mle chumbani. Ningeweza kusema ngojeni. Kulikuwa bado na nafasi ya kumtoa, kufunga mlango, kumfungua marinda na kumfunga upya. Kazi hiyo mikono yangu inaijua hata gizani. Sikusema. Niliogopa watu. Walifunga, tukaenda.

Mara mbili nimemchagulia Tantine Hansa rangi ya kuvaa, na mara zote mbili ilikuwa siku ambayo hakuweza kusema. Katikati alikuwa na miaka mingi ya kusema, alikaa karibu na dirisha lile na chapati zake, na mimi sikumuuliza. Sari nyeupe iko kwangu sasa. Mado aliniletea na kipande chake cha sabuni. Ilikuwa safi, lakini niliifua, nikaianika, nikaipiga pasi, na nimeikunja kama alivyokuwa akiikunja yeye. Sijui niiweke wapi.